Mwezi Ngapi Leo?

Darubini yangu ya kwanza nililipwa badala ya shilingi 45,000. Mimi ni fundi friji hapa Bagamoyo, na mama mmoja muuza barafu alikuwa na jokofu lililokufa kompresa. Nikamfungia kompresa mtumba, likagandisha vizuri tu, lakini ilipofika zamu ya pesa akaanza kuhesabu vidole. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na mfuko wa ngozi ulioota ukungu. Ilikuwa darubini ya macho mawili ya marehemu mumewe, aliyewahi kufanya kazi melini. "Chukua hii baba, mimi nitaangalia nini?" Nikachukua. Kumdai mjane ni kazi ngumu kuliko kutengeneza jokofu.

Ikakaa juu ya kabati wiki mbili. Jumapili moja umeme umekatika, sina la kufanya, nikaitoa nikaanza kumtazama kunguru juu ya mwembe wa jirani. Ukitaka ndege wa kujifunzia hapa kwetu, kunguru hakosi: huyu mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, baadaye akaenea pwani yote akala na visivyo taka. Siku ile nilimwona akichomoa kinda kwenye kiota cha chozi, taratibu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nilipandwa na hasira. Nikagundua pia kwamba nimesimama pale saa nzima, na chai imepoa.

Basi nikaanza kutoka. Kila Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa ufukweni karibu na soko la samaki, darubini shingoni, wavuvi wakinitania kama nimeajiriwa na watu wa doria. Niliamini kitu kimoja tu: ndege ni wa asubuhi. Hilo nililisoma mahali na ni kweli kwa ndege wa msituni na wa shambani. Lakini pwani lilinipotezea miezi miwili. Kwanza, ufukwe wetu unatazama mashariki, kwa hiyo saa moja jua liko usoni. Kila ndege ni kivuli cheusi chenye miguu. Pili, siku nyingine nilikuta maji yamekupwa hadi kule mbali, na ndege wametawanyika kwenye tope kama ufuta uliomwagika, huwezi kumjua huyu ni nani. Siku nyingine nikakuta bahari imejaa hadi kwenye ngalawa, na hakuna ndege hata mmoja ila kunguru na yangeyange wawili wakisubiri matumbo ya samaki.

Swali lililonikaa kichwani ni hili: bahari ikijaa, wale wa kwenye tope wanakwenda wapi? Hawaogelei. Juu ya mikoko hawaonekani. Ni mamia, na wanapotea.

Jumamosi moja ya Novemba nikaamua kuwafuata. Nikaenda upande wa kaskazini ya mji, kuelekea kule Ruvu unakomwagia maji yake baharini, nikaingia mikokoni nikiwa nimevaa viatu vya mpira. Sitaki kusema nilikuwa na mpango. Niliona kundi limeruka kuelekea nchi kavu, nikakata njia ya mkato kulifuata. Mwenye kuijua mikoko anajua pa kukanyaga: kwenye mizizi ya mkoko wenyewe utaning'inia kama nyani, lakini utapita; kwenye michu, aina nyingine ya mikoko, pale penye vile vizizi vinavyochomoza juu kama penseli, tope linaweza kukubeba au kukumeza, hutajua hadi umeshaingia. Mimi nilimezwa hadi mapajani. Kiatu cha kushoto kilibaki humo na naamini kipo hadi leo. Maji yalikuwa yanapanda. Polepole, lakini yanapanda, na mimi nimeinua darubini juu kwa mikono miwili kama mtu anayejisalimisha.

Nilitoka kwa kulala kifudifudi na kujiburuta, mbinu niliyoikumbuka kwa wachimba kaa. Nilipopenya upande wa pili nikajikuta kwenye mashamba ya chumvi. Yale yale ninayopita barabarani miaka yote nikienda kwa wateja, nikiona marundo meupe na kusema, ah, chumvi. Kwenye tuta amesimama bibi mmoja na reki ya mbao, khanga kiunoni, ananitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetumbukia?"

"Nimetumbukia."

"Unatafuta kaa?"

"Natafuta ndege, bibi."

Akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu usio na kiatu. "Ndege gani wa kutafutwa? Hawa wanaojaa hapa kila bamvua wakaninyea matuta?"

Nikahisi nywele zimenisimama. Nikamwuliza wanakuja saa ngapi.

"Mwezi ngapi leo?"

"Wa kumi na moja, bibi."

Akacheka mpaka akaegemea reki. "Nakuuliza mwezi wa juu, wewe unanijibu wa ukutani! Leo mwezi nane. Maji mafu haya, hayana nguvu ya kuwafukuza. Njoo Jumamosi ijayo, mwezi kumi na tano, saa tisa mchana. Uje na kofia. Na viatu viwili."

Nikae kidogo hapa, maana hili ndilo nililolikosa miezi miwili, na ni jambo ambalo kila mvuvi wa Bagamoyo analijua usingizini. Bibi anahesabu siku tangu mwezi uandame. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari inajaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na kwenye mwambao wetu tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati ya hapo ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo. Kila siku kujaa kunachelewa kwa kama dakika 50, ndiyo maana Jumamosi zangu hazikufanana hata moja. Siku za bamvua huku kwetu maji hukauka kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri. Ndege wa tope hana habari na asubuhi wala jioni. Tope likiwa wazi anakula, hata usiku wa manane. Tope likifunikwa anatafuta pa kusimama hadi lifunuke tena. Siku za maji mafu vipande vya tope vinabaki juu, hana sababu ya kuondoka. Siku za bamvua habakiwi hata na pa kuweka ukucha, kwa hiyo wanakuja wote, kwa pamoja, kwenye sehemu kavu iliyo wazi ambapo adui hana kichaka cha kuvizia. Kwa Bibi.

Jumamosi ya pili nilifika saa nane na nusu, mapema kama mtu wa harusi. Bibi akanisimamisha kwenye tuta la upande wa bara. Sikuelewa kwa nini pale, hadi nilipoinua darubini: jua la alasiri liko mgongoni kwangu na kila kitu mbele kinang'aa. Yeye kazoea kusimama hivyo ili chumvi isimwumize macho.

Akanieleza pia mabwawa yake. Bamvua ndiyo inayomletea maji. Anafungua mlango wa mfereji, bahari inaingia bwawa la kwanza, kubwa, la kina cha goti. Hapo wamo vidagaa na uduvi walioingia na maji. Jua likishakula maji kiasi, anayasogeza bwawa la pili, kisha la tatu, kila moja kali kuliko lililopita, hadi vile vitalu vya mwisho ambapo maji yanageuka mekundu kama juisi ya ukwaju na chumvi inaanza kuota sakafuni. Ndege wanasimama kwenye matuta na vitalu vilivyokauka, wenye njaa bado wanashuka bwawa la kwanza. Kwenye maji mekundu hagusi karibu yeyote.

Wa kwanza kufika alikuwa sululu. Nilimsikia kabla sijamwona, mluzi wa haraka haraka unaojirudia kama mara saba, akatua tuta la mbali. Ukimwona hutauliza kwa nini ana jina moja na lile jembe la kuchimbia mtaro: mdomo umepinda vile vile. Baada yake wakaja wanne. Kisha kwa dakika kumi hakuna kitu. Bibi anakwangua chumvi, krrr, krrr, hainui hata kichwa.

Halafu mikoko ikatapika ndege. Sina namna nyingine ya kusema. Vikundi vya ishirini, vya hamsini, wanakuja chini chini juu ya majani, wanageuka wote pamoja na kuonyesha matumbo meupe, wanatua, wanasogezana. Vitwitwi wa kila saizi, buabua wenye utosi mweusi wote wametazama upande mmoja unakotoka upepo, wengine wenye miguu mirefu ya waridi kama mirija ya soda. Nilijaribu kuhesabu, nikafika 340 nikachanganyikiwa. Kozi mmoja akapita juu, na wote wakainuka kwa kishindo kimoja, wakawa wingu la kahawia, likageuka likawa jeupe, likageuka likapotea kabisa dhidi ya mbingu, kisha likarudi. Kozi akaondoka mtupu. Bibi ndipo akainua kichwa. "Leo kakosa," akasema, akaendelea.

Niliporudi nyumbani sikuwa na jina la hata robo yao. Majina ya Kiswahili tunayo, lakini kwa ndege hawa neno kitwitwi linabeba wengi mno, kama vile ukisema "dagaa". Nikapakua Merlin, programu ya kutambua ndege, kwenye simu, nikaanza na mmoja mmoja. Nilichojifunza ni kuacha rangi kabisa. Miezi ya kaskazi karibu wote ni kijivu juu na weupe chini, rangi haitakusaidia. Tazama kazi anayoifanya. Yuko mmoja mwenye mdomo uliopinda chini kidogo, anachoma tope haraka haraka bila kuinua kichwa, kama sindano ya cherehani. Huyo, uzito wake ni kama yai la kuku, anazaliana kaskazini kabisa ya Siberia na anakuja kula kiangazi chetu. Yuko mwingine mdomo umepinda juu, miguu ya rangi ya chungwa. Huyo hatembei, anakimbia kichwa kimeinama, anageuka ghafla, anamkimbiza kaa mdogo kama mtoto anayemfukuza kuku. Na yupo yule mnene mwenye jicho kubwa anayesimama, anakimbia hatua tatu, anasimama, kana kwamba amesahau alichotumwa.

Nilikosea pia, na moja ya makosa yale bado inanichoma. Desemba niliona kitwitwi mwenye mdomo bapa mbele, kama kijiko. Moyo ulinidunda. Nikaingiza kwenye eBird, orodha ya mtandaoni ya ndege walioonwa na watu, nikiwa na uhakika wa mtu asiyejua kitu. Siku ya tatu nikapata ujumbe wa upole kutoka kwa mtu anayehakiki orodha: kitwitwi mwenye mdomo wa kijiko ni ndege wa Asia ya Mashariki, Afrika hafiki; je, naweza kuangalia tena picha? Nikaangalia. Lilikuwa donge la tope limemganda mdomoni. Kwenye picha inayofuata amelipangusa kwenye mguu.

Lakini Desemba hiyo hiyo ndipo nilipowapata wale weupe.

Walikuwa tisa, wamejitenga mwisho wa tuta. Ndege mweupe kabisa, mgongo mweusi kama amevaa kizibao, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene usioendana na mwili, kama ameazima. Bibi anawaita wala kaa tu, na hakuna zaidi ya kuongeza, kwani kaa ndiyo kazi yao na ule mdomo ni nyundo. Kwenye vitabu ni Dromas ardeola, na katika familia yao hakuna ndege mwingine duniani, wako peke yao. Wanazaliana kwenye fukwe za Arabuni, Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Somalia. Hawajengi kiota juu: wanachimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga linawasaidia kulea. Kwa ndege wa mwambao hilo ni jambo la ajabu. Kisha wanateremka kwetu.

Kati ya wale tisa, mmoja alikuwa wa kijivu, si mweupe safi, na alikuwa analia. Sauti nyembamba, ya kudeka, bila kupumzika. Alikuwa anamfuata mkubwa mmoja nyuma, huku na huku, shingo ameifupisha. Mkubwa akashuka bwawani, akarudi na kaa, akamvunja miguu kwa kumpiga chini, akamweka mbele ya yule mdogo. Mdogo akala, akaanza kulia tena.

Nikatazama mara mbili kuhakikisha. Mtoto huyu ameruka kutoka Arabuni au Somalia, ameshafika Bagamoyo, ana mbawa kamili, na bado anadai kulishwa. Vitwitwi wengine karibu wote wakishajua kuruka, wazazi wanawaacha kule kule na safari wanaifanya wenyewe. Huyu kaja na mzazi na kulia kwake. Nikamwita Bibi aangalie kwenye darubini. Akaishika kinyumenyume kwanza, tukacheka, akaigeuza. Akatazama muda mrefu.

"Huyu ni kitinda mimba," akasema. "Ninaye kama yeye. Ana miaka thelathini na mbili."

Sasa niseme kosa langu kubwa. Februari niliweka picha ya kundi lile mtandaoni, nikaandika na mahali, shamba lenyewe, na njia ya kuingilia. Nilikuwa najivuna, sina la kuongeza. Wiki mbili baadaye, siku nisiyokuwepo, lilifika gari kubwa na watu wenye kamera ndefu kama bomba. Walitaka kuwa karibu. Wakapandisha gari juu ya tuta. Tuta la chumvi ni udongo wa mkono, linabeba mtu na gunia lake, si tani mbili, ukingo ukapasuka. Hawakuona, au waliona. Usiku ule bamvua ikaingia kwenye ufa hadi kwenye vitalu vya mwisho. Chumvi iliyokuwa imeshaota, inangoja kukwanguliwa, ikayeyuka yote na kurudi kuwa maji ya bahari.

Niliposikia nilikwenda mbio. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. "Chumvi itaota tena," akasema. "Lakini njia uliwapa wewe." Nilikaa pale siku mbili na mpwa wangu, tukajaza udongo kwenye magunia, tukashindilia. Hasara yake niliilipa kwa mafungu matatu. Picha niliifuta. Ndiyo maana hapa nimetaja Bagamoyo na Ruvu na nimeishia hapo. Mashamba yako kadhaa, na atakayeyataka ataanza kama nilivyopaswa kuanza mimi, kwa hodi na shikamoo. Akiambiwa leo hapana, ni hapana. Mbwa abaki nyumbani. Na ndege wakiwa wamepumzika usiwasogelee hadi waruke ili upate picha ya mbawa: wanarukaruka hivyo kwa gharama ya mafuta ya mwilini ambayo Aprili watayahitaji kufika Siberia.

Aprili hiyo nilishuhudia jambo ambalo sikulitegemea. Yule wa cherehani alikuwa amebadilika rangi. Kijivu kimeondoka, amekuwa mwekundu kama tofali la kuchoma, kifua hadi tumbo. Kwa wiki mbili kundi likawa linapungua kila bamvua, na jioni moja mawingu ya masika yamesimama juu ya bahari, nikaona kundi la kama thelathini likiinuka, halikuzunguka kama siku zote. Lilipanda tu. Likapanda likielekea kaskazini hadi darubini ikashindwa.

Mvua zikaja. Masika hakuna chumvi, maji ya mbinguni yanaharibu kila kitu, na Bibi akarudi shambani kwake kwenye muhogo. Matuta yakabaki na wachache, wengi wao makinda wa mwaka jana ambao hawajafikia umri wa kuzaa na hawaoni sababu ya safari. Kusi ikavuma. Mimi nikarudi kwenye majokofu.

Mwishoni mwa Agosti nilikuwa kwa mteja, friji nimeifungua yote, vipande viko sakafuni, simu ikaita.

"Mjukuu, wale weupe wako wameingia. Kuna mmoja analia huyo, nimeshindwa hata kusali vizuri. Mwezi ngapi leo?"

Safari hii nilikuwa tayari. "Kumi na tatu, bibi."

"Kumi na mbili. Umeangalia kwenye simu."

Nilikuwa nimeangalia kwenye simu. Nikamwomba mwenye friji anipe hadi kesho.